Tarehe ya Châteauneuf-du-Pape na Asili ya Haki ya Jina

Hii ni tarehe ya Châteauneuf-du-Pape, kijiji cha mizabibu kilicho juu ya kilima, ukingo wa mashariki wa mto Rhône, kati ya Orange na Avignon. Naiandika kwa sababu yamezuka madai, na wenye elimu nao huyarudia, kwamba sheria ya Ufaransa ya kulinda majina ya mvinyo ilizaliwa Bordeaux, au Champagne, au katika ofisi za Paris. Sivyo. Ilizaliwa hapa, mwaka 1923, na mwenye kuizaa ni Baroni Pierre Le Roy de Boiseaumarié, bwana wa Château Fortia. Hata msomaji ambaye dini yake inamkataza kinywaji hiki anaweza kuifuata habari hii, maana ni habari ya jina, na ya nani mwenye haki ya kulitumia.

Wa kwanza kutajwa ni Mapapa. Clement V alihamia Avignon mwaka 1309. Watu wa Bordeaux humdai kuwa wao, kwa kuwa alikuwa askofu wao mkuu, na shamba lake la mizabibu liko hadi leo kule Pessac, linaitwa kwa jina lake. Basi na wabaki naye. Papa wa Châteauneuf ni Yohane XXII, Jacques Duèze wa Cahors, aliyekaa kitini tangu 1316 hadi 1334. Yeye ndiye aliyejenga ngome juu ya kilima iwe makazi yake ya nje ya mji, na mizabibu ikastawi chini ya kuta zake. Siku hizo kijiji kiliitwa Châteauneuf-Calcernier, kwa ajili ya machimbo ya chokaa. Jina la Papa kilipewa rasmi mwaka 1893, wakati Papa wa Avignon hayupo tena na Avignon yenyewe ilikwisha kuwa ya Ufaransa tangu Mapinduzi. Ngome iliharibiwa katika vita vya dini vya karne ya 16. Agosti 1944 askari wa Kijerumani wakaulipua mnara wake, nusu ikaanguka. Nusu ya pili imesimama, nayo ndiyo anayoiona kila mgeni apandaye kutoka Sorgues.

Ng'ambo ya mto iko Roquemaure, bandari ya mapipa. Huko ndiko mapipa yalikopigwa chapa ya herufi C.D.R. kwa amri ya mfalme, mwaka 1737, yajulikane kuwa ni ya Côtes du Rhône.

Kisha likaja balaa. Mwaka 1863, huko Pujaut, mwendo mfupi tu kutoka Roquemaure, mizabibu ilianza kunyauka bila sababu kujulikana. Majani yakapata umanjano, mashina yakakauka, na aliyeng'oa mzabibu alikuta mizizi imeoza. Mwaka 1868 Jules Émile Planchon, profesa wa Montpellier, alichimba mizizi ya mizabibu iliyokuwa bado hai, si iliyokufa kama wenzake walivyofanya, akamwona mdudu mdogo wa manjano anayefyonza. Huyo ndiye filoksera, aliyekuja na miche ya Marekani. Dawa nayo ikatoka Marekani: ukabebeshwa mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la Kimarekani, ambalo mdudu haliui. Ndiyo maana leo karibu kila mzabibu wa kusini umesimama juu ya mizizi ya kigeni. Hapa Châteauneuf, Komandanti Joseph Ducos wa Château La Nerthe alipanda upya shamba lake kwa aina kumi za zabibu, akafundisha kwamba mvinyo mzuri wa nchi hii hautoki katika zabibu ya aina moja. Ducos alifanya kazi njema na simnyimi sifa yake. Lakini alilitengeneza shamba, hakulilinda jina.

Wakati kilima kikijiuguza, tambarare za Languedoc zilipanda mizabibu ya kuzaa wingi, Aramon hasa, na Algeria ikamwaga mvinyo wake katika bandari za kusini. Wafanyabiashara wakaongeza maji na sukari. Bei ikaanguka hadi mkulima akashindwa kulipa vibarua. Mwaka 1907 Marcelin Albert, mwenye mkahawa wa Argeliers, aliondoka na wenzake 86 kwenda kutoa ushahidi Narbonne. Ilipofika tarehe 9 Juni, umati uliojaa Montpellier ulikadiriwa kuwa zaidi ya watu 500,000. Serikali ya Clemenceau ikatuma askari, damu ikamwagika Narbonne, na Kikosi cha 17 cha askari wa miguu, vijana wa huko huko, kikaasi, kisha kikahamishiwa Gafsa, Tunisia. Albert akaenda Paris kumwona Clemenceau, akapokea faranga 100 za nauli ya treni kutoka mkononi mwake, na habari hiyo ilipotangazwa wenzake wakamtupa. Nasema wazi kwamba Albert alidhulumiwa. Alikopeshwa nauli, hakununuliwa. Sheria ya tarehe 29 Juni 1907 ya kudhibiti maji na sukari ni matunda ya jasho lake.

Lakini sheria hiyo ilizuia maji, haikuzuia jina kuibwa. Châteauneuf walilijua hilo. Kwa miaka mingi mvinyo wao, mzito na wenye kilevi kingi, ulinunuliwa kwa mapipa na kupelekwa Burgundy kuutia nguvu mvinyo dhaifu wa huko, bila jina lao kutajwa. Jina lilipoanza kupata thamani, mambo yakageuka: kila mwenye mvinyo wa tambarare akauita Châteauneuf-du-Pape. Wakulima waliibiwa mara mbili.

Hapo ndipo anapoingia Baroni. Pierre Le Roy alizaliwa mwaka 1890, katika ukoo wa kisharifu wenye asili ya Normandie. Alisomea sheria Montpellier. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani wa ndege za vita. Akaoa binti wa Château Fortia, na hivyo mwanasheria akawa mkulima wa mizabibu.

Na kwa kuwa nimetaja ndege, lazima niieleze ajabu ya 1954, maana wengi huisimulia nusu nusu. Mwaka ule Ufaransa nzima ilikuwa ikizungumza habari za visahani vinavyoruka angani. Tarehe 25 Oktoba, meya Lucien Jeune alitoa amri ya halmashauri kwamba ni marufuku kwa chombo chochote kiitwacho kisahani au sigara ya angani, cha taifa lolote, kupita juu ya ardhi ya Châteauneuf-du-Pape, kutua au kuruka. Kitakachotua kitakamatwa mara moja. Kazi ya kuitekeleza akapewa mlinzi wa mashamba. Amri hiyo haijafutwa, na meya mmoja wa baadaye alipoulizwa kama ataifuta, alikataa. Huko California, Randall Grahm alitengeneza mvinyo kwa zabibu za Rhône akauita Le Cigare Volant kwa heshima ya amri hii. Kijiji kilichokwisha kuchora mpaka wa ardhi yake shina kwa shina kingewezaje kuuacha mpaka wa juu wazi?

Nirudi 1923. Wakulima walimwendea Le Roy wakamwomba awasimamie mahakamani. Wazee wa huko husimulia kwamba alikubali kwa sharti moja: wao wenyewe wawe wa kwanza kuwa waaminifu, na yeyote kati yao atakayeghushi asitarajie kutetewa. Wakakubali. Ndipo akaandika kanuni ambazo hakuna kijiji kingine Ufaransa kilichokuwa kimezikusanya pamoja. Mpaka wa ardhi ukawekwa kwa ukavu wake: ardhi inayofaa ni ile ambayo zaatari na lavenda huota, ardhi masikini ambayo mazao mengine hayaitaki. Aina za zabibu zikatajwa kwa majina. Namna ya kupogoa ikaamriwa. Kilevi kisipungue asilimia 12.5, na kitoke katika sukari ya zabibu yenyewe. Wakati wa mavuno zabibu zichambuliwe, na sehemu isiyopungua asilimia 5 itupwe. Mvinyo wa rangi ya waridi usitengenezwe kwa jina hili. Wanaoutaka wavuke mto waende Tavel, ambako hawatengenezi mwingine.

Wapinzani walisema ipo tayari sheria ya 1919. Ndiyo, ipo. Lakini sheria ile ilimpa hakimu kazi ya kuamua mvinyo umetoka wapi, haikumwambia umetengenezwa kwa zabibu gani. Mtu aliweza kupanda mizabibu mibovu ndani ya mpaka na jina likawa lake halali. Joseph Capus, mbunge wa Gironde, alilirekebisha hilo kwa sheria ya 1927, akaingiza udongo na aina za zabibu. Wanaomtukuza Capus wahesabu wenyewe: 1923 na 1927, ipi ilitangulia?

Kesi iliunguruma Orange, ikapanda ngazi hadi mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa, na mwaka 1933, baada ya miaka kumi, Châteauneuf walishinda. Waliokuwa nje ya mpaka walilia, na wengine walikuwa majirani na mashemeji. Baroni hakuusogeza mpaka kwa ajili ya yeyote. Tarehe 30 Julai 1935 ilitoka amri ya kuunda kamati ya taifa ya majina ya asili, Capus akiwa mwenyekiti na Le Roy akiwa pamoja naye. Tarehe 15 Mei 1936 yakatangazwa majina ya kwanza ya mvinyo: Arbois, Cassis, Monbazillac, Tavel, na Châteauneuf-du-Pape. Bordeaux haimo katika orodha hiyo ya siku ya kwanza.

Sasa zabibu. Amri ya jina la Châteauneuf ilizitaja aina 13, na wanaohesabu kila rangi peke yake hufika 18. Mkubwa wao ni Grenache, aliyetoka Aragon, Hispania. Hustahimili ukame, hukua kama kichaka kifupi kisichovunjwa na mistral, ule upepo wa kaskazini unaoshuka bonde la Rhône kwa siku nyingi mfululizo, na sukari yake hupanda hadi mvinyo unapita asilimia 14 bila taabu. Udhaifu wake ni rangi hafifu, tena huharibika upesi ukiguswa na hewa. Kwa hiyo Syrah huongezwa kwa ajili ya rangi na harufu ya pilipili manga, Mourvèdre kwa ajili ya ukakasi na maisha marefu, Cinsault kulainisha. Counoise, Vaccarèse, Muscardin, Terret na Picpoul hutiwa kidogo kidogo. Clairette, Roussanne, Bourboulenc na Picardan hutoa mvinyo mweupe, ambao ni sehemu ndogo ya mavuno. Château de Beaucastel wamezipanda zote 13. Château Rayas hutumia Grenache karibu peke yake katika mchanga. Mabishano ya nyumba hizo mbili siyaingilii, maana zote zimo ndani ya kanuni. Mawe ya mviringo yaliyotandazwa na Rhône ya kale juu ya uwanda hunywa jua mchana na kulitoa usiku. Mavuno hayaruhusiwi kupita hektolita 35 kwa hekta, na tangu 1937 chupa ina nembo ya taji la Papa na funguo, iliyofinyangwa katika kioo chenyewe.

Wengine wa kusini: Bandol walipata jina lao 1941, nao ni watu wa Mourvèdre, mvinyo wao mwekundu hukaa ndani ya mbao miezi 18. Banyuls hukatiza uchachukaji kwa kutia pombe kali, utamu ukabaki. Limoux hudai kutengeneza mvinyo wa mapovu tangu 1531, kabla ya Champagne. Corbières walipata jina 1985.

Kamati ile ya taifa ya majina ya asili ikawa taasisi mwaka 1947, na Le Roy akawa mwenyekiti wake hadi alipofariki 1967. Hakuuona mwaka 1971, Gigondas walipopata jina lao wenyewe, wala 1990, Vacqueyras walipolipata la kwao, wote wakitoka katika Côtes du Rhône aliyoisimamia.