Gereza Lililokaa Miaka 96 Bila Uzio

Mwaka 2016 mji wa Shakopee, kusini-magharibi mwa Minneapolis, ulipata vitu viwili vipya. Cha kwanza ni ghala la Amazon, ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Minnesota tunalifahamu, maana vijana wetu wengi, Wasomali hasa, wamepita pale. Cha pili hakikupigiwa kelele nje ya mji: uzio wa futi 12 kulizunguka gereza la wanawake.

Ukimwambia mtu kwamba gereza limewekewa uzio atakushangaa wewe. Lakini gereza hili lilifunguliwa 1920. Kwa miaka 96 wafungwa wake, wakiwemo waliohukumiwa kwa mauaji, walitenganishwa na nyumba za majirani kwa nyasi na vichaka. Mara mojamoja mmoja wao aliamua kuondoka, akaondoka kwa miguu kama mtu anayekwenda dukani. Ni mwaka 2014 tu ambapo bunge la jimbo lilikubali kutoa dola milioni tano na ushee kujenga uzio, na hata hapo baada ya mabishano ya miaka.

Nani alibuni gereza la namna hiyo, na alikuwa na fikra gani? Jibu limo kwenye vitabu ambavyo hakuna anayevisoma kwa raha: taarifa za serikali za kila miaka miwili kuhusu magereza, watoto na maskini, pamoja na madaftari ya makarani, ambayo mengi yamehifadhiwa na Jumuiya ya Historia ya Minnesota mjini Saint Paul. Mtu huingia pale na penseli tu, kalamu ya wino haikaribishwi, akaletewa jalada baada ya jalada. Kwa saa ya kwanza utadhani umekosea mlango: ni hesabu tupu. Gharama ya kumlisha mfungwa mmoja kwa mwaka, mavuno ya shamba, kuni, makaa, sabuni. Watu wanajitokeza baadaye, katikati ya viazi.

Nianze na jina la mji wenyewe. Shakopee ni jina la kurithishana la machifu wa Wadakota, maana yake sita. Wa mwisho kati ya wale wa zama za vita, aliyeitwa Shakpedan au Sita Mdogo, alitekwa nyara nchini Kanada baada ya vita vya 1862 kati ya Wadakota na Wamarekani, akaletwa Minnesota na kunyongwa Fort Snelling tarehe 11 Novemba 1865. Majira ya baridi ya 1862 hadi 1863, chini ya ngome hiyohiyo, jeshi liliwazuilia Wadakota karibu 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wakahesabiwa na kupewa chakula cha kupimiwa. Kwa hiyo kabla Minnesota haijawa na bodi yoyote ya hisani, tayari palikuwa na hesabu ya akina mama na watoto walio mikononi mwa serikali. Jina la chifu yule leo liko kwenye kibao cha gereza.

Bodi yenyewe ilianzishwa 1883, ikaitwa Bodi ya Jimbo ya Marekebisho na Hisani. Haikuwa na nguvu ya kumwajiri wala kumfukuza mtu. Kazi yake ilikuwa kukagua na kuandika: jela za kaunti, nyumba za maskini, hospitali za wagonjwa wa akili, gereza kuu la Stillwater. Katibu wake wa kwanza, Mchungaji Hastings H. Hart, alikuwa mtu wa kuingia mwenyewe kwenye jela, kupima chumba na kuuliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Mwenye mamlaka ya kuandika tu, asipokuwa mvivu, huogopwa kuliko mwenye mamlaka ya kufukuza, na Hart hakuwa mvivu.

Mwaka uliofuata alijishughulisha na jambo ambalo wengi walilionea fahari. Chama cha Misaada ya Watoto cha New York, kilichoanzishwa na Charles Loring Brace mwaka 1853, kilikuwa kikiwapakia watoto wa mitaani na mayatima kwenye treni na kuwapeleka majimbo ya magharibi. Treni ikifika, watoto walipangwa ukumbini au kanisani, na wakulima wakachagua. Hart aliwafuatilia waliogawiwa Minnesota, akaenda kusoma matokeo yake kwenye mkutano wa taifa wa hisani wa 1884. Watoto, alisema, waligawiwa harakaharaka, familia hazikuchunguzwa vya kutosha, na baada ya hapo hakuna aliyerudi kwa makini kuona wanalalaje. Wapo waliobahatika kupata wazazi kwelikweli. Wapo pia waliopata bwana shamba. Sisi tulioona watoto wakitolewa kijijini kwenda mjini “kusomeshwa” na shangazi, wakaishia kuosha vyombo, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Jibu la jimbo lilikuwa kujenga makao yake lenyewe. Shule ya Jimbo ya watoto waliotelekezwa ilipitishwa kwa sheria ya 1885 na kufunguliwa 1886 huko Owatonna, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kusini mwa Shakopee. Galen Merrill aliiongoza tangu ilipofunguliwa hadi alipofariki 1932, karibu nusu karne chini ya mtu mmoja. Mpaka inafungwa 1945 ilikuwa imepokea watoto 10,635. Tunaijua idadi hiyo mpaka mtoto wa mwisho kwa sababu kila aliyeingia alipewa namba, na namba haikurudiwa.

Wengi walitolewa kwenda kuishi na familia za wakulima kwa mkataba: mtoto afanye kazi, familia imlishe, imvike na kumpeleka shule kwa kipindi fulani cha mwaka. Yaani kile ambacho Hart alikilaumu kwa watu wa New York kilirudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kikiwa na mhuri wa serikali na mkaguzi wa kupita mara mojamoja.

Nyuma ya majengo kuna makaburi. Watoto 198 wamezikwa pale. Hapo mwanzo waliwekewa mawe yenye majina, kisha utaratibu ukabadilika: 151 wakafunikwa kwa vibao vidogo vya saruji vilivyolala ardhini, kila kimoja na namba peke yake. Namba ileile ya daftari. Vilikaa hivyo kwa miongo mingi, nyasi zikivimeza, mpaka Harvey Ronglien, aliyelelewa pale miaka ya 1930, na mkewe Maxine walipoanza kusumbua watu. Mnara wa kumbukumbu ya watoto wote uliinuliwa 1993, na baadaye majina yakarudishwa makaburini. Yalirudishwaje? Kwa kufungua daftari, kutafuta namba, na kusoma jina lililoandikwa mbele yake. Karani aliyempunguza mtoto kuwa tarakimu ndiye, bila kukusudia, aliyemtunzia jina.

Turudi kwa wanawake. Tangu gereza la Stillwater lianze 1853, mwanamke aliyefungwa na jimbo alifungiwa humo, kwenye kona ya gereza la wanaume chini ya mlezi wa kike. Madaftari ya Stillwater yana safu za umri, urefu, rangi ya macho, dini, kujua kusoma, na safu ya kuonyesha kama mtu ni mlevi. Ndugu watatu wa ukoo wa Younger, majambazi wa uvamizi wa benki ya Northfield wa 1876, wameandikwa humo na kuandikiwa vitabu vizima baadaye, na gazeti la wafungwa lililoanza 1887 bado wanasifiwa nalo. Wanawake walikuwa wachache mno kupewa hata ukurasa wao. Uchache huo ndio ulikuwa hoja ya wabunge: mbona tujenge gereza zima kwa ajili ya watu wachache hivyo?

Waliokataa hoja hiyo ni wanawake wa vyama vya kina mama, wake wa wafanyabiashara na mawakili, watu wa kofia za manyoya na vikao vya chai. Ni rahisi kuwacheka, na magazeti ya wakati ule yaliwacheka vya kutosha. Lakini mwaka 1915 mmoja wao, Isabel Davis Higbee, alisimama mbele ya kamati ya bunge Saint Paul kuwaombea wafungwa wanawake mahali pao wenyewe. Alimaliza maneno yake, akaanguka, akafa palepale bungeni. Sheria ya kuanzisha gereza ilipita mwaka huohuo. Ikumbukwe kwamba hakuwa na kura ya kumchagua wala kumwangusha mbunge hata mmoja kati ya wale waliokuwa wakimsikiliza. Gereza lilipofunguliwa 1920, wanawake wa Marekani walikuwa ndio wanapata kura, na jengo lake likaitwa kwa jina la Higbee.

Msimamizi wa kwanza alikuwa Florence Monahan, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu wanawake na uhalifu kilichotoka 1941. Aliletewa wafungwa kutoka Stillwater na kuwaingiza kwenye nyumba za kuishi badala ya vizimba: vitanda, mapazia, jiko, shamba la kulima, ng'ombe wa kukamua. Hakuna nondo, hakuna ukuta. Fikra ilikuwa kwamba mwanamke aliyeharibika anaweza kufinyangwa upya akiwekwa kwenye nyumba iliyo nadhifu na kupewa kazi za nyumbani. Neno letu gereza, wanaisimu wanasema, tulilipata kwa Wareno, kutoka neno lao la kanisa. Ngome yao ya Mombasa iligeuzwa jela na Waingereza tangu 1895 mpaka 1958. Wenyeji wa pwani walipochanganya kanisa na jela huenda hawakukosea sana, na Shakopee ya 1920 ingewaelewa.

Nikiri kwamba mimi sina imani kubwa na upole huo. Sehemu kama hizi nchini Marekani zilipokea wezi na waghushi wa hundi, lakini zilipokea pia wanawake ambao kosa lao lilikuwa kulala na mtu, kosa ambalo mwanamume mwenzake alilipia faini au hakulipia kitu. Kukosekana kwa uzio kulikwenda sambamba na kuchunguzwa kwa tabia, mavazi, barua na wageni. Hata hivyo, nikilinganisha na kona ya Stillwater, najua ningependa dada yangu afungwe wapi.

Kwenye upande wa watoto, zamu ikawa ya sheria. Bodi ya ukaguzi ilikuwa imevunjwa 1901 na nafasi yake kuchukuliwa na Bodi ya Udhibiti, ya watu watatu wenye mishahara na mamlaka halisi. Mwaka 1917 bunge likapitisha kwa mkupuo sheria zipatazo 35 za watoto, na bodi hiyo ikawa mlezi wa kila mtoto asiye na mtu. Ndani ya furushi hilo kulikuwa na kifungu kilichoonekana cha huruma: familia ya kuasili ichunguzwe kwanza, na majalada ya mahakama ya kuasili yafungwe yasionekane na umma, ili mtoto wa nje ya ndoa asifukunyuliwe na majirani. Minnesota ilikuwa ya kwanza Marekani kufunga kumbukumbu hizo. Miaka ilivyosonga mlango ukazidi kubanwa, mpaka aliyefungiwa akawa mtoto mwenyewe, mtu mzima wa miaka 50 asiyeweza kusoma cheti chake cha kuzaliwa.

Kwetu tunaijua namna nyingine ya kufunga. Waingereza walipoondoka Kenya waliteketeza sehemu ya majalada yao na kusafirisha sehemu nyingine kimyakimya. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau huko London, serikali yao ilikiri kuwa na majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37 ya zamani kwenye jengo la Hanslope Park. Miongoni mwa waliofungua kesi hiyo alikuwa mama mmoja, Jane Muthoni Mara, aliyepitia kambi ya kizuizini akiwa msichana. Ndipo nikajifunza kuheshimu hesabu za viazi za Minnesota. Serikali inayochapisha kila miaka miwili gharama ya kumlisha mfungwa imejiwekea kitanzi ambacho mjukuu wa mfungwa anaweza kukishika.

Gereza la sasa la Shakopee si lile la Monahan. Majengo mapya yalifunguliwa 1986, na ndilo gereza pekee la jimbo kwa wanawake. Kwa muda mrefu mfungwa aliyejifungua alirudishwa gerezani baada ya siku mbili tatu na mtoto akabaki nje, kwa bibi au kwa walezi wa serikali. Kuanzia 2010 wapo wasaidizi wa uzazi, wanaoitwa doula, wanaowasindikiza wajawazito hospitalini, na mwaka 2021 jimbo likapitisha sheria, ya kwanza ya aina yake Marekani, inayomruhusu mjamzito au aliyejifungua kukaa nje ya gereza na mtoto wake kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Uzio, kwa hiyo, ulijengwa, na miaka mitano baadaye ukatobolewa tundu la mama na mtoto kupita.

Na kile kifungu cha 1917? Tarehe 1 Julai 2024 sheria mpya ilianza kutumika: aliyeasiliwa Minnesota akifika miaka 18 anaomba cheti chake cha asili, hana haja ya ruhusa ya mahakama wala ya mtu yeyote. Barua zilianza kumiminika, baadhi kutoka kwa watu waliokwisha kuwa mababu. Bahasha ikija, ndani yake kuna karatasi moja, na kwenye mstari wa mama kuna jina.