Majaribio ya Saikolojia: Kutoka Maabara ya Leipzig hadi Kisiwa cha St Helena

Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alianzisha katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, maabara ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya saikolojia, na tangu hapo mambo ya akili, yaliyokuwa kwa karne nyingi mikononi mwa wanafalsafa, yakaanza kupimwa kwa saa na vyombo. Katika jaribio la maabara mtafiti hubadilisha jambo moja, liitwalo kigeu huru, kisha hupima athari yake katika jambo jingine, liitwalo kigeu tegemezi, huku akiyadhibiti mengine yote. Ubora wake mkuu ni kwamba hudhihirisha kisababishi, na mtafiti mwingine anaweza kulirudia kwa utaratibu uleule.

Jaribio la aina hiyo lililozua mjadala mkali zaidi ni la Stanley Milgram, lililoanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wanaume 40 waliamriwa kumwadhibu mtu kwa umeme kila alipokosea jibu, bila kujua kwamba umeme huo haukuwapo na kwamba mtu huyo alikuwa akiigiza. 26 kati yao walifika hadi swichi ya mwisho, ya volti 450. Wahakiki walisema kwamba washiriki waliteswa nafsi zao bila ridhaa ya kweli, na kwamba huenda baadhi yao walihisi kuwa chuo chenye heshima kisingeruhusu mtu aumizwe. Hoja hizo mbili ni nzito, na ya pili inagusa udhaifu wa maabara yenyewe, kwa kuwa ajuaye kwamba anachunguzwa hana mwenendo wa kila siku.

Ndiyo maana wengine waligeukia jaribio la uwandani, yaani linalofanywa mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Katika utafiti wa Charles Hofling na wenzake uliochapishwa mwaka 1966, daktari asiyefahamika aliwapigia simu wauguzi 22 wakiwa zamu, akiwaagiza wampe mgonjwa miligramu 20 za dawa ambayo lebo yake ilikataza kuzidi miligramu 10. Wauguzi 21 walikuwa tayari kutii, wakazuiwa kabla ya kuitoa. Hata hivyo, dawa hiyo ilikuwa ya kubuniwa. Mwaka 1977, watafiti wengine walipotumia dawa inayojulikana na wauguzi wakaweza kushauriana na wenzao, ni 2 tu kati ya 18 waliokuwa tayari kutii, na tofauti hiyo inafundisha mengi kuliko kila utafiti peke yake.

Aina ya tatu ni jaribio la kiasili, ambalo mabadiliko yake hayaletwi na mtafiti. Televisheni ya satelaiti ilipofika mwaka 1995 katika kisiwa cha St Helena, Tony Charlton na wenzake walilinganisha mwenendo wa watoto kabla na baada, wasione ongezeko kubwa la ukorofi. Tukio kama hilo haliwezi kurudiwa, wala haijulikani kwa hakika ni kiasi gani matokeo yake yalitokana na malezi ya jamii ndogo inayojuana.

Lakini hata sifa ya maabara ya kurudiwa ilikuwa ikisifiwa zaidi ya kutekelezwa. Tafiti 100 za saikolojia ziliporudiwa na kundi kubwa la watafiti, kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015, ni theluthi moja na ushei tu zilizothibitika waziwazi kitakwimu.