Kusubiri kwa Saa, Kusubiri kwa Sharti

Mwaka 2004, Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago alitengeneza Selenium, programu ya majaribio inayokiendesha kivinjari bila mkono wa mtu: inafungua ukurasa, inajaza fomu, inabofya vitufe na kukagua matokeo. Kurasa nyingi za wakati ule zilifika nzima kwa mkupuo, hivyo ilitosha jaribio lingoje ukurasa ufunguke. Lakini mwaka huohuo Gmail ilizinduliwa, na Februari 2005 Jesse James Garrett akaupa mtindo huo wa Gmail jina la Ajax: ukurasa umeshafunguka, ilhali vipande vyake bado vinaletwa kimoja kimoja kutoka kwenye seva. Mashine ikawa inatafuta kitufe ambacho hakijatokea, na jaribio likafeli wakati mfumo ni mzima.

Dawa ya kwanza ilikuwa kulisimamisha jaribio kwa sekunde kadhaa. Wanaoitetea husema ni rahisi, na hilo ni kweli. Gharama yake huonekana baadaye. Majaribio 200, kila moja likisimama mara 10 kwa sekunde 5, hupoteza sekunde 10,000, yaani karibu saa 2 na dakika 47. Hata hivyo, siku seva itakapojibu katika sekunde ya 6, jaribio litaanguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichambua mwaka 2014 marekebisho 201 katika miradi 51 ya Apache, wakakuta kwamba chanzo kikubwa kuliko vyote cha majaribio kufaulu leo na kufeli kesho ni kutosubiri ipasavyo kazi iliyokwisha kuagizwa. Mpishi hapakui wali kwa kuwa dakika 20 zimepita. Hupakua kwa kuwa maji yamekauka.

Busara hiyo ndiyo iliyoingia katika WebDriver, kazi ya Simon Stewart iliyounganishwa na Selenium katika toleo la 2 la Julai 2011. Mwandishi wa jaribio aliweza kutaja sharti, mathalani kitufe kiwe tayari kubofywa, nalo likakaguliwa kila nusu sekunde hadi litimie au muda wa mwisho ufike. Mwaka 2020 Playwright ya Microsoft ikaenda mbali zaidi: kabla ya kubofya, huhakikisha yenyewe kwamba kitufe kinaonekana, kimetulia, kimeruhusiwa na hakijafunikwa.

Je, basi suala limekwisha? Wapo wanaoamini hivyo, nami sikubaliani nao. Chombo kinaweza kujua kwamba kitufe kimetulia. Hakiwezi kujua kama salio lililoandikwa kando yake ni la kabla ya malipo au la baada yake. Ujuzi huo anao mtu anayeuelewa mfumo. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza sekunde kwenye jaribio linaloyumba, andika kwanza unangoja nini. Usipoweza kulitaja jambo hilo, hujui bado unachokijaribu.