Ukimwambia mshauri nasaha, ni siri yako

Kila tunapozungumzia afya ya akili hewani, swali linalorudi kwenye simu ni hili: nikienda kwa mshauri nasaha, habari zangu hazitafika sokoni?

Kwa sheria za Kenya, hazifai kufika. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, mambo ya familia yake yakiwemo. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya kutunziwa siri na kuombwa idhini kabla ya matibabu.

Vijijini shida huwa mlipaji. Mume anamleta mkewe, analipa, kisha anataka kujua alichosema. Kulipa hakununui mazungumzo. Mwenye siri ni yule aliyeketi na mshauri, naye ndiye huamua nani aambiwe nini. Hata mchungaji au chifu aliyekuelekeza huko hana ruhusa ya kuulizia.

Siri hiyo ina mipaka: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akidhulumiwa, au mahakama ikiagiza. Mshauri mzuri hukueleza haya siku ya kwanza. Akinyamaza, muulize kabla hujaanza kusimulia.

Wengi wamekuwa wakificha mawazo ya kujiua kwa kuogopa polisi, kwani Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo sema. Ni jambo ambalo mshauri anahitaji kulisikia mapema.

Uliza pia bei, na kama amesajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014. Unaweza kukataa kurekodiwa, kutafuta mshauri mwingine au kuacha kabisa. Akikutongoza au kukushika kimapenzi, hata adai ni sehemu ya tiba, ondoka. Bodi na polisi ndio wa kupelekewa habari hiyo.

Kwa ushauri wa simu haki ni zile zile. Ila kama simu ni ya nyumba nzima, panga saa ambayo utakuwa peke yako, na ufute jumbe ukimaliza.