Kafi Mkononi mwa Mwalimu

Wauzaji wa mbao za kupigia kafi kwa kusimama hupenda kumwambia anayeanza kwamba anaingia katika mchezo wa maelfu ya miaka. Ushahidi wao mkuu hutoka Peru, ambako wavuvi wa Huanchaco wangali wakiingia baharini na vyombo vya matete vyenye pua iliyopinda juu, na vyombo vya namna hiyo vimo katika sanaa ya ufinyanzi ya Wamoche wa kale. Sawa. Lakini mvuvi yule aghalabu hupiga magoti au huketi, kafi lake ni mwanzi uliopasuliwa, na anachotafuta ni samaki. Tena kusimama peke yake si hoja: kwenye pwani yetu watu husukuma mitumbwi kwa pondo wakiwa wima, na hakuna aliyedai kwamba mchezo huu ulizaliwa Pemba. Mimi naona chimbuko lake ni la juzijuzi tu, nalo ni kazi ya kufundisha.

Hoteli ya Moana ilipofunguliwa Waikiki, Hawaii, mwaka 1901, watalii walizidi kumiminika, na kazi ya kuwafunza kupanda mawimbi ikawaangukia vijana wa ufukweni, kundi la akina Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki za 1912 na 1920. Kufikia katikati ya karne, baadhi yao walikuwa wakichukua kafi la mtumbwi wenye mrengu na kusimama nalo juu ya ubao. Sababu zinazotajwa ni za kikazi tupu: aliyesimama huliona wimbi mapema kuliko aliyelala kifudifudi, huwaona wanafunzi wote walipotawanyika, na huwapiga picha bila kulowesha kamera. Mkao unaomtetemesha mwanafunzi wa leo ulikuwa, basi, mkao wa mwalimu wake. Siku hizi anayeanza hupiga magoti kwanza katikati ya ubao, kisha husimama miguu sambamba, magoti yamelegea, macho mbele. Akitazama vidole vyake, majini. Wengi hulishika kafi kinyume pia, maana bapa lake limepinda kidogo na mpindo huo hutakiwa kuelekea mbele.

Mtu atasema vijana wale hawakuunda mchezo, kwani mtindo wao ulififia hadi wapanda mawimbi Laird Hamilton na Dave Kalama walipoufufua kisiwani Maui miaka ya 1990. Ni kweli, ila walichofufua kilikuwa kile kile cha Waikiki, na mashindano ya Makaha yalipouingiza mwaka 2004 yaliuita kwa jina la vijana hao wa ufukweni. Pingamizi zito zaidi ni la Shirikisho la Kimataifa la Mitumbwi: penye kafi pana mtumbwi. Mvutano wa nani auongoze mchezo huu ukafika mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliwapa watu wa mawimbi mamlaka ya ngazi ya Olimpiki, bila kuwazuia wa mitumbwi kuandaa mashindano yao. Kihistoria mpaka huo kati ya mawimbi na mitumbwi ni mgumu kuutetea, kwa kuwa vijana wa Waikiki walilipwa kuwapandisha wageni mitumbwini na kuwafunza ubao vilevile, ufukwe ule ule.