Usingizi wa mchana kwa wafanyakazi wa usiku (Migori na Homa Bay)

Usingizi wa mchana, kwa maana ya makala hii, ni usingizi mkuu wa mtu aliyekesha kazini, wala si lile lepe la baada ya ugali. Katika kaunti za Migori na Homa Bay wanaouhitaji ni wengi: wauguzi, walinzi, madereva wa malori ya njia ya Isebania, wafanyakazi wa viwanda vya sukari vya Awendo na Ndhiwa, wachimbaji dhahabu wa Nyatike, na hasa wavuvi wa omena katika Ziwa Victoria. Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, huhesabu kazi ya usiku kuwa ile ya saa 7 mfululizo au zaidi, ikijumuisha muda wa kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri. Mvuvi wa omena hutimiza kipimo hicho bila kuwa na barua ya ajira.

Kwa nini mchana haulaliki

Usingizi huendeshwa na mambo mawili. La kwanza ni uchovu: kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo adenosini inavyojikusanya ubongoni na kumlegeza. La pili ni saa ya mwili, kifundo kidogo cha seli ubongoni kinachopokea habari za mwanga kutoka machoni. Giza likiingia, mwili huanza kutoa homoni ya melatonini. Kukipambazuka, homoni hiyo hukatika na joto la mwili hupanda. Kwa hiyo anayetoka zamu asubuhi amechoka vya kutosha, lakini saa yake inamwamsha. Hulala upesi akigusa kitanda, kisha saa 6 mchana macho yako kwenye paa. Kwa kawaida usingizi wa namna hii huwa mfupi kuliko wa usiku kwa saa 1 hadi 4.

Madhara yake si ya kusinzia tu. Mwaka 2007 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayodhaniwa kusababisha saratani, na mwaka 2019 ukashikilia msimamo huo.

Mabati, ziwa na mwezi

Mji wa Homa Bay uko karibu nusu digrii kusini mwa ikweta, na Migori karibu digrii moja. Hakuna majira ya asubuhi zenye giza: mwaka mzima, ikifika saa 1 asubuhi jua limeshatoka. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati bila dari. Kufikia saa 4 mabati huanza kualika kwa joto, na chumba kilichokuwa baridi alfajiri kinageuka tanuri. Katika kisiwa cha Remba, ambako vibanda vya mabati vimebanana ukuta kwa ukuta, redio ya jirani ni redio yako.

Mvuvi wa omena ana shida ya ziada. Taa zinazoelea majini huvuta omena, lakini mwanga ule ule humpiga yeye usoni usiku kucha na kuupunguza utoaji wa melatonini. Akifika ufuoni, Mbita, Sori au Muhuru Bay, jua linachomoza, na bado kuna kupima, kuwauzia akina mama waliosubiri na makarai, na kukung'uta nyavu. Tena ratiba yake hupangwa na mwezi. Kwenye mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, hivyo wengi hupumzika siku kadhaa kila mwezi na kulala usiku kama watu wengine. Saa ya mwili husogea polepole, labda saa moja kwa siku. Kabla haijakaa sawa, giza limerudi na mashua inaondoka. Huyu si mtu wa usiku wala wa mchana, na hapo ndipo ushauri wa vitabu vya Ulaya, ulioandikiwa kiwanda chenye zamu za kudumu, unapompungukia.

Chandarua

Ukanda wa ziwa ni eneo la malaria, na dhana kwamba mbu huuma usiku pekee haimlindi anayelala mchana. Magharibi mwa Kenya watafiti wamewakuta mbu wa aina ya Anopheles funestus wakiuma ndani ya nyumba hata baada ya kupambazuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta vyandarua katika vijiji vya wavuvi vikitumika kuanikia samaki. Ni rahisi kuwalaumu, lakini aliyewahi kulala chini ya chandarua saa 7 mchana, chini ya bati, anajua kwa nini kilitolewa nje.

Kinachosaidia

Giza kwanza: blanketi zito au leso mbili zilizotundikwa dirishani hufanya kazi ya pazia la bei. Kofia pana wakati wa kurudi nyumbani huzuia jua la asubuhi lisiamshe mwili, ingawa anayeendesha bodaboda akisinzia ni afadhali alale dakika 20 kabla ya kuwasha injini. Chai na kahawa zikome kufikia saa 8 usiku, kwani baada ya saa 5 hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Miraa humkeshesha mtu hadi mchana wake unaharibika. Chang'aa humlaza upesi na kumwamsha mapema, usingizi ukiwa vipande vipande.

Kwa mwenye ratiba ya kubadilika-badilika kuna mbinu iitwayo usingizi wa nanga: kulala angalau saa 4 zile zile kila siku, kwa mfano saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, ziwe siku za kazi au za mbalamwezi, kisha kujazia saa nyingine panapopatikana nafasi. Mahali pa kulala pawe upande wa nyumba unaopata kivuli asubuhi.

Yaliyobaki yako mikononi mwa wengine. Mlalaji wa mchana huitwa mvivu hata na waliokula omena wake. Ukimjua jirani aliyetoka zamu, usipige hodi kwake kabla ya saa 8 mchana.