Haki ya Kazi kwa Wenye Ulemavu Katika Unguja

Wasomaji wetu wengi wamesimuliwa ya kwamba mahali palipo kanisa la Mkunazini, mjini Unguja, palikuwa soko la watumwa, nalo lilifungwa na Seyyid Barghash mwaka 1873. Lakini ni mara chache tusikiapo habari za kipofu, kiwete na mgonjwa, ambao dalali hakuwataka.

Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba mahakama za Unguja na Pemba zisiitambue tena haki ya bwana juu ya mtumwa. Ila ndani ya amri ile mlikuwamo sharti zito: aliyepewa uhuru alipaswa kuonyesha makao yake na njia ya kupata riziki, ama sivyo ahesabiwe mzururaji. Mwenye nguvu aliweza kupatana na bwana yule yule, akachuma karafuu zake. Je, yule aliyekwisha kuanguka mkarafuuni akavunjika kiuno? Bwana aliandikiwa fidia kwa kupotewa na mtumwa. Mtumwa hakuandikiwa kitu kwa kupotewa na viungo vyake.

Basi kwa miaka mingi watu wa namna hiyo waliishi kwa huruma ya ndugu, kwa sadaka za misikiti na misheni, na wengine katika makao ya Welezo, nje ya mji. Sadaka ni njema, lakini haidaiwi mahakamani.

Mwaka 1985 wenyewe waliunda umoja wao, UWZ. Sheria ya Ajira, Na. 11, ikatungwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata Sheria Na. 9, iliyohusu haki na fursa zao. Mwaka 2022 ikaja Sheria Na. 8. Hata maneno yamegeuka: zamani tulisema "viwete" na "viziwi," kana kwamba twataja viti na visu, leo sheria yasema "watu wenye ulemavu," nasi twaona badiliko hilo si dogo.

Huko Bara sheria ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu asilimia 3. Yafaa tujue kwamba hesabu hii ndiyo ile ile waliyoiweka Waingereza mwaka 1944, wakiwafikiria hasa majeruhi wa vita. Waajiri wengi kule hawakuitimiza, na walioshitakiwa walikuwa wachache mno. Mwaka 1995 ikaachwa. Sheria ya Bara haivuki bahari, kwa kuwa mambo ya kazi si ya Muungano. Unguja hujitungia zake.

Siku hizi kazi nyingi zipo katika mahoteli ya Nungwi na Paje, na katika nyumba za Mji Mkongwe zenye ngazi nyembamba. Mwombaji mwenye gongo akiambiwa mlangoni, "Nafasi imekwisha," naye aona mwingine aajiriwa kesho yake, sharti apate mkaguzi wa kazi atakayekwenda kukiuliza kitabu cha mishahara.